Siku tatu Glasgow na mama mwenye goti bovu: makumbusho yapi, na tunafikaje?

Pwani_Tanga (mleta mada)

Wakuu, habari za leo. Naomba mwongozo kwa mnaoijua Glasgow. Tutashuka Glasgow Central Ijumaa ya wiki ya pili ya Oktoba, kama saa 6 mchana, na kuondoka Jumatatu asubuhi. Tuko watatu: mimi, mama (miaka 67, goti halitaki ngazi, kwenye tambarare anatembea dakika kumi na tano kisha lazima akae) na kijana wa miaka 9 anayependa ndege na treni kuliko chakula. Tunalala karibu na George Square.

Nataka kujua: makumbusho gani hayafai kukosa? Treni ya chini ya ardhi inafaa kwa mama? Tiketi ni za aina gani? Na je, kule alikozaliwa Livingstone panafikika, au ni mbali mno? Mama alimsoma shuleni na amemtaja mara tatu tayari.

Mtaa_wa_Partick

Karibu mkuu. Nianze na saa, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Makumbusho makubwa ya manispaa (Kelvingrove, Riverside, Burrell) ni bure, huweki nafasi, unaingia tu. Yanafunguliwa saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni, ila Ijumaa na Jumapili yanaanza saa 5. Ukifika Jumapili saa 4 utasimama nje kwenye manyunyu. Bure ni makusanyo ya kudumu; maonyesho maalumu ya muda mara nyingi yana tiketi, na mtu wa mlangoni hatakulazimisha kuyaingia. Masanduku ya michango yapo, ukitia chochote ni hiari yako.

Kelvingrove ndiyo ya kwanza, hilo halina mjadala. Jengo la mawe mekundu lililofunguliwa 1901, lina kumbi 22 na vitu kama 8,000 vimewekwa wazi. Kijana apelekwe moja kwa moja ukumbi wa magharibi: kuna ndege ya kivita ya Spitfire, nambari LA198, imening'inizwa darini, na chini yake tembo aliyekaushwa anayeitwa Sir Roger. Baada ya kuitazama kutoka chini, pandeni lifti hadi ghorofani, muitazame uso kwa uso kutoka kwenye roshani. Huko huko juu kuna picha ya Salvador Dalí ya Kristo msalabani akionekana kutoka juu, aliyoichora 1951. Jiji liliinunua 1952 kwa pauni 8,200 na watu wakapiga kelele kwamba ni ufujaji. Ukumbi wa kati una kinanda kikubwa cha mabomba, nacho hupigwa kila siku kwa karibu nusu saa. Tafuteni viti mapema. Kwa mama hapo ni mahali pazuri pa kupumzisha goti.

Sasa majina, yanapoteza watu kila siku. Hakuna kituo kinachoitwa Kelvingrove. Kipo Kelvinbridge na kipo Kelvinhall, na mnachokitaka ni Kelvinhall. Mkishuka Kelvinbridge mtajikuta ng'ambo ya bustani, na kutoka hapo ni kutembea. Halafu kuna jengo liitwalo Kelvin Hall, hilo liko mkabala na makumbusho, upande wa pili wa barabara, si lenyewe.

Subway ya Glasgow ni duara moja lenye vituo 15. Treni za Outer zinazunguka kama mshale wa saa, za Inner kinyume chake. Mzunguko mzima ni dakika 24 hivi, kwa hiyo hata ukipanda upande usio sahihi utafika tu, umechelewa. Kutoka Buchanan Street chukueni Inner: Cowcaddens, St George's Cross, Kelvinbridge, Hillhead, Kelvinhall. Vituo vitano. Kutoka hapo ni dakika tano hadi saba kwa miguu.

Lifti_Tafadhali

Mkuu wa Partick umeeleza vizuri, ila njia uliyompa haimfai mama yake. Katika vituo 15 vya Subway, vyenye lifti ni viwili tu: St Enoch na Govan. Vingine ni ngazi za kawaida na ngazi za umeme, na mara nyingi baada ya ngazi ya umeme bado kuna vidato kadhaa vya kumalizia. Mabehewa yenyewe ni madogo, dari liko chini, na saa za kazi mtu anasimama. Goti bovu likishuka Kelvinhall litamkumbusha usiku kucha.

Dada Pwani_Tanga (au kaka, samahani), fanyeni hivi.

Kelvingrove nendeni kwa basi. Namba 2 na 3 za kampuni ya mabasi ya First zinatoka katikati ya mji na kupita jirani na makumbusho. Kutoka George Square teksi nayo si safari ndefu, na kwa watu watatu tofauti ya bei si ya kutisha. Mwambieni dereva awashushe upande wa Argyle Street na muingie kwa mlango wa chini, siyo kwa ngazi kubwa za mbele. Ndani kuna lifti. Na kuhusu mlango: mtasikia hadithi kwamba jengo lilijengwa nyuma mbele kwa makosa na mchoraji wake akajirusha kutoka mnarani. Ni uongo mtupu. Uso wake ulielekezwa bustanini makusudi, kwa sababu maonyesho ya kimataifa ya 1901 yalikuwa kule.

Riverside, yaani makumbusho ya usafiri, ndiyo inayoendana na lifti zile mbili. Zamani watu wote walielekezwa kushuka Partick kisha kutembea dakika kumi hivi, wakipita chini ya barabara ya magari ya kasi. Bado vitabu vingi vya wasafiri vinasema hivyo. Tangu Septemba 2024 kuna daraja la waenda kwa miguu na baiskeli kati ya Govan na Partick, na upande wa kaskazini linakutua karibu kabisa na Riverside. Basi: ingieni St Enoch kwa lifti, pandeni Outer, vituo saba (Bridge Street, West Street, Shields Road, Kinning Park, Cessnock, Ibrox, Govan), tokeni kwa lifti, mteremke taratibu hadi mtoni, mvuke daraja. Ngazi haipo hata moja. Dakika kama kumi na mbili kwenye treni, na matembezi ya mwendo wa mama hayazidi robo saa.

Mambo mawili ya kuangalia. Daraja hilo linazunguka kupisha vyombo vya mtoni. Likiwa wazi unasubiri, na ratiba ya kulifungua hutangazwa. La pili, siku ambayo timu ya mpira ya Rangers inacheza uwanjani kwake Ibrox, Subway upande huo hujaa hadi pumzi inakata, kabla na baada ya mechi. Angalieni ratiba ya ligi kabla ya kupanga Jumamosi.

Kabla ya kuanza kuzunguka ndani ya jengo lolote kubwa, ulizeni mapokezi kama kuna kiti cha magurudumu cha kuazima. Mama atakataa mwanzoni. Mwacheni akatae, kisha mwambieni ni cha kubebea makoti.

KichwaChaTreni

Hapo kwa kijana naingia mimi. Riverside ilifunguliwa Juni 2011, mchoraji wake ni Zaha Hadid, paa lake limekunjwakunjwa kama bati lililopigwa na dhoruba. Ndani kuna zaidi ya vitu 3,000 na vimebanana, hiyo ndiyo kasoro yake: magari yamepachikwa ukutani juu kabisa, huwezi kuyaona vizuri ukiwa umesimama chini. Rudini nyuma, au tumieni skrini za kugusa zilizo karibu.

Usimruhusu kijana apite haraka kwenye kichwa cha treni kikubwa cheusi namba 3007. Kilitengenezwa hapo hapo Glasgow na North British Locomotive kwa ajili ya reli ya Afrika Kusini, kikafanya kazi huko kisha kikarudishwa nyumbani. Mwambie apime kwa macho upana kati ya magurudumu: ni milimita 1,067, upana ule ule wa TAZARA. Reli ya kati yetu ya zamani ni 1,000. SGR ni 1,435. Halafu akapande Subway aangalie reli yake: 1,219. Kipimo hicho ni cha ajabu hata kwa Waingereza wenyewe, na ndiyo sababu mabehewa ni madogo kiasi kile na ndiyo sababu huwezi kununua treni iliyo tayari dukani. Lazima itengenezwe maalumu. Hizi mpya zilizoanza kazi Desemba 2023 zimetoka kwa kiwanda cha Stadler. Subway yenyewe ilifunguliwa Desemba 1896, ikavutwa kwa kamba ya chuma iliyozungushwa na mashine za mvuke hadi umeme ulipofika 1935. Ndani ya Riverside kuna kituo cha kale cha Subway na mabehewa yake ya zamani, mnaweza kuingia.

Kiwanda hicho hicho cha Glasgow ndicho kilichotengeneza vichwa vya treni vya aina ya 29 (Class 29) vya East African Railways miaka ya 1950, vile vilivyopewa majina ya makabila ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mzee yeyote wa Voi, Tabora au Kampala anavikumbuka kwa mlio.

Na kwa mama: mkisimama juu ya lile daraja tazameni mto Clyde kuelekea baharini. Huko mbele, upande wa Scotstoun, ndiko Yarrow walikounda MV Victoria. Iliundwa, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kisumu na kuunganishwa tena, ikaanza kazi ziwani 1961. Ndiyo hii hii inayokwenda Mwanza na Bukoba hadi leo baada ya ukarabati wa 2020. Kama amewahi kupanda, chombo chake kilizaliwa hapo.

Nje ya Riverside imetia nanga meli ya matanga Glenlee, ya 1896. Kijana atataka kupanda. Sitaha za chini zina ngazi kali, hivyo mama abaki mgahawani wenye kioo kinachotazama mto.

Pwani_Tanga (mleta mada)

Wakuu mmenifungua macho. Ni kaka, wala hakuna tatizo. Kumbe bila uzi huu ningempeleka mama Kelvinhall na ngazi zake.

Bado nina maswali: tiketi, Livingstone, na kuna mtu kazini ananiambia Burrell ni bora kuliko Kelvingrove. Pia tunahitaji pa kuswali Ijumaa.

Mtaa_wa_Partick

Nakubali kosa kuhusu ngazi. Tiketi sasa.

Jambo la msingi ni kwamba hakuna tiketi moja ya kawaida itakayokufikisha kila mahali. Subway ni ya mamlaka ya usafiri ya mkoa, treni ni za ScotRail, mabasi ni ya kampuni binafsi. Tiketi ya siku ya First haikubaliki kwenye basi la McGill's hata kama mabasi yote mawili yanasimama kituo kimoja na kuelekea njia moja. Watu wanapanda, dereva anatikisa kichwa, wanalipa mara ya pili. Soma jina ubavuni mwa basi kabla ya kupanda.

Kwenye basi la First gusisha kadi ya benki unapopanda na uigusishe tena unaposhuka, mfumo utakukatia nauli ya safari yako na kuacha kukata ukifika kikomo cha siku. Ukisahau kugusisha unaposhuka utakatwa nauli kubwa zaidi. Kila mtu awe na kadi yake, kadi moja haiwezi kuhesabu abiria watatu. Kwa mama na mtoto mwambie dereva moja kwa moja mnakokwenda. Ukilipa taslimu andaa chenji kamili. Na nyoosha mkono basi linapokuja, la sivyo litapita. Konda hakuna.

Subway nunua kwenye mashine kituoni. Kama siku hiyo mtapanda zaidi ya kwenda na kurudi, tiketi ya siku nzima ndiyo nafuu. Kwa kwenda na kurudi tu, hesabu kwanza. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 ana nauli yake ya chini, huko na kwenye treni pia.

ScotRail wamefuta bei ya saa za msongamano tangu 1 Septemba 2025, kwa hiyo asubuhi na mchana bei ni moja. Mtandaoni bado kuna ushauri mwingi wa zamani wa kusubiri saa 3 na robo ndipo upande. Puuzeni.

Mama asihesabu usafiri wa bure wa wazee, wala kijana ule wa vijana walio chini ya miaka 22. Yote mawili ni kwa wakazi wa Scotland wenye kadi maalumu.

Noti pia: benki tatu za Scotland zinachapisha noti zake zenyewe, ni pauni halali kabisa, lakini ukirudi nazo England muuza duka anaweza kuzigeuzageuza kama za bandia. Zimalizeni huku.

Bi_Msafiri

Asalaam aleikum. Kuhusu swala: msikiti mkuu, Glasgow Central Mosque, uko ng'ambo ya kusini ya mto Clyde, dakika kama kumi na tano kwa miguu kutoka Glasgow Central, tambarare yote. Kwa kuwa mnashuka saa 6 na mna mizigo, Ijumaa itawabana. Mizigo iacheni sehemu ya kuhifadhia ndani ya stesheni ya Central au hotelini, msiende nayo makumbusho. Masanduku makubwa hayaruhusiwi na hakuna pa kuyaweka. Chakula cha halali si taabu, wenye asili ya Pakistani ni wengi hasa Pollokshields.

Baada ya swala nendeni GoMA, jumba la sanaa ya kisasa. Ni karibu sana na George Square, saa moja inatosha. Nje kuna sanamu ya Duke wa Wellington juu ya farasi, ya 1844, na kichwani amevaa koni ya barabarani. Ikiondolewa, usiku watu wanairudisha. Jengo lenyewe lina habari nzito kuliko vilivyomo: lilianza kama nyumba ya William Cunninghame, 1778, mmoja wa matajiri wa tumbaku. Tumbaku ililimwa na watumwa ng'ambo ya Atlantiki, faida ikaja kujenga mitaa hii. Ndiyo maana mnatembea Virginia Street na Jamaica Street, na hata Buchanan Street ni jina la mfanyabiashara wa tumbaku. Mtu wa pwani aliyekulia karibu na Bagamoyo au Mkunazini ataelewa mtaa wa namna hiyo bila kuelezwa sana.

Burrell sasa. Yule wa kazini hajakosea, ila ni kwa mtu mwingine. Ni mkusanyiko wa mwenye meli, William Burrell, vitu kama 9,000: vyungu vya China, mazulia ya ukutani ya karne za kati, vioo vya rangi, milango ya mawe iliyojengewa ndani ya kuta za jengo. Alilipatia jiji mkusanyiko huo kama zawadi 1944 kwa sharti kwamba uwekwe maili 16 nje ya mji, kwa kuogopa moshi wa makaa ya mawe usile nyuzi. Jiji likahangaika miaka na miaka kutafuta mahali. Hewa iliposafishwa baada ya sheria ya 1956, wadhamini wakalegeza sharti, na jengo likafunguliwa 1983 ndani ya bustani ya Pollok. Lilifungwa 2016 kwa sababu paa lilivuja, likafunguliwa tena Machi 2022. Ni zuri na lina utulivu, kuta za kioo zinatazama msitu. Lakini mtoto wa miaka 9 anayetaka Spitfire atachoka ndani ya dakika arobaini, na kufika kwake ni treni kutoka Central hadi Pollokshaws West halafu miguu kama robo saa bustanini, au basi 57 na miguu vile vile. Kwa mama ni teksi hadi mlangoni. Siku tatu zenu hazitoshi, liacheni.

People's Palace iliyoko Glasgow Green imefungwa kwa ukarabati mkubwa, msipoteze nauli. Jengo maarufu la shule ya sanaa, lililobuniwa na msanifu Mackintosh, liliungua 2014 na tena 2018, hakuna cha kuingia kuona.

Dogo_wa_Kisauni

Niaje wadau. Livingstone nimjibu mimi.

Panafikika kabisa. Ni Blantyre, kusini mashariki mwa Glasgow, treni dakika kama ishirini kutoka Glasgow Central. Angalieni: treni hizi huondokea majukwaa ya chini, siyo yale makubwa ya juu ambako mtashukia mkitoka England. Wageni husimama juu wakitazama ubao mkubwa hadi treni yao imeshapita chini ya miguu yao. Na msipande kwa kusoma jina la mwisho wa safari pekee: treni za kuelekea Motherwell si zote zinazopita Hamilton, nyingine zinakwenda kwa njia isiyogusa Blantyre. Hakikisheni neno Blantyre limeandikwa kwenye orodha ya vituo. Za Larkhall zinapita.

Kutoka stesheni ni kama robo saa kwa miguu hadi makumbusho, kwa hiyo mama atafika akiwa amemaliza akiba yake. Pangeni teksi au mpumzike njiani. Hii si ya manispaa, inaendeshwa na wadhamini wake na ina kiingilio. Siku za kufunguliwa hupungua majira ya baridi, hivyo angalieni tovuti yao kabla ya kununua tiketi ya treni.

Kilichopo: Shuttle Row, nyumba ya ghorofa ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, na chumba kimoja ambamo familia nzima iliishi, alimozaliwa 19 Machi 1813. Aliingia kiwandani akiwa na miaka 10. Makumbusho yalifanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya Julai 2021, na hapo ndipo mabadiliko yanaonekana: Abdullah Susi na James Chuma wamepewa nafasi yao. Mama anaweza kuwa alifundishwa kwamba "wahudumu waaminifu" waliubeba mwili, basi, habari ikaishia hapo. Hao watu walimfahamu miaka mingi, wakaamua wenyewe baada ya kifo chake 1873 kwamba mwili ufike pwani, wakauzika moyo chini ya mti kijijini kwa Chitambo, alikofia, wakaukausha mwili na kutembea miezi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Baadaye walikuja Uingereza kusaidia kuzifafanua shajara zake, kwa sababu kuna maandishi ambayo bila wao hakuna ambaye angeyaelewa. Mtu aliyewahi kusimama pale kanisani Bagamoyo ataona upande wa pili wa safari ile ile.

Mtahitaji saa moja na nusu hadi mbili. Kijana kuna bustani ya kukimbia na uwanja wa kuchezea.

Pwani_Tanga (mleta mada)

Mama amesomewa hiyo ya Susi na Chuma, ameshaamua. Basi nimepanga hivi, nikosoeni:

Ijumaa: mizigo, msikiti, GoMA. Jumamosi: Blantyre asubuhi, jioni kupumzika. Jumapili: Kelvingrove saa 5 kamili wakifungua, tusikie kinanda saa 7, halafu teksi kwenda Riverside hadi wafunge saa 11, na kurudi kwa daraja, Govan, St Enoch.

Lifti_Tafadhali

Mpango mzuri, geuza Jumapili tu. Kinanda cha Kelvingrove kinapigwa saa 7 mchana Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili ni saa 9 alasiri. Ukienda kama ulivyoandika utakuwa Riverside wakati kinalia.

Anzeni Riverside: Subway ya Jumapili inafunguliwa saa 4, mkiingia St Enoch saa 4 na nusu mtafika mlangoni karibu na saa 5 hata kwa mwendo wa mama. Kaeni hadi saa 8, kuleni hapo. Teksi hadi Kelvingrove ni dakika chache. Spitfire kwanza, viti vya ukumbi wa kati kabla ya robo kasoro saa 9, kinanda, kisha Dalí. Wakifunga saa 11, basi la kurudi mjini linapita hapo hapo Argyle Street.

Kwa njia hiyo pia hamtegemei treni jioni. Jumapili Subway inafungwa baada ya saa 12 kidogo, tofauti na siku nyingine ambapo inafika hadi saa 5 na nusu usiku, na kuna watu kila wiki wanaokuta geti la Govan limeshushwa.

Mtaa_wa_Partick

Nyongeza fupi: katikati ya Oktoba shule za huku zina likizo ya wiki moja. Ikiangukia siku zenu, Riverside hujaa watoto kuanzia saa 6, sababu nyingine ya kuanzia huko saa 5. Na jua linatua kama saa 12 na robo. Kila mtu na koti lenye kofia. Mwavuli upepo wa kando ya Clyde utaugeuza ndani nje kabla hamjamaliza kuvuka daraja.